Kabla hujawasha hotispoti: programu za bure za kuipunguzia laptopu makelele

Watu wananiuliza sana ni programu gani nzuri za bure za kuweka kwenye laptopu, na mimi siku zote naanza na kitu ambacho hata si programu. Hapa Uganda wengi wetu tunaishi kwa intaneti ya simu, unanunua bando, unawasha hotispoti, laptopu inashika, alafu dakika chache unaletewa meseji kwamba data imeisha na wewe umefungua imeili tu. Na hizo MB zina gharama, tulitoka kwenye ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, ikatolewa, Julai 2021 ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe, kwa hiyo kila kitu laptopu inachovuta kimyakimya umekilipia pamoja na kodi yake. Ndio maana nikipewa kompyuta ya mtu niipange, kazi ya kwanza ni kuzuia. Kuongeza kunakuja baadaye.

Sasa fanya hivi. Kwenye Windows 10 au 11 ingia Settings, nenda Network & internet, fungua Wi-Fi uliyounga, yaani jina la hotispoti ya simu yako, shuka chini mpaka uone "Metered connection" alafu iwashe. Umeshaiambia Windows kwamba hii intaneti inalipiwa kwa kipimo, kwa hiyo apdeti nyingi zitasubiri na OneDrive, ile hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, itaacha kupandisha mafaili yako juu bila kuulizwa. Ila ujue kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, hiyo setingi inashika kwa mtandao mmoja mmoja, ukiunga simu ya rafiki yako kesho lazima uiwashe tena pale. Na ukiwa bado kwenye Settings ingia Windows Update, "Advanced options", alafu "Delivery Optimization", zima ile ya kuruhusu kushirikiana na kompyuta nyingine, manake ikiwa wazi laptopu yako inaweza kuwa inawagawia watu wengine apdeti kwa bando lako wewe.

Sisemi apdeti ni mbaya, apdeti ni muhimu sana, ninachosema ni kwamba uzipeleke mahali penye wifi, chuoni, kazini, kwenye kafe, popote ambapo data haitoki mfukoni mwako, ukae pale mpaka zimalize alafu uwashe upya. Kama unataka kujua nani anakula MB zako, kuna sehemu ya "Data usage" humo humo kwenye Network, inakuonyesha kila programu imekula kiasi gani. Mara nyingi utakuta ni kitu ambacho hata hukitumii, kimekuja na mashine. Hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye orodha ya "Startup", zima kila kitu ambacho hakina haja ya kuamka pamoja na kompyuta. Hakuna kitakachofutika, bado utazifungua mwenyewe siku ukizihitaji, na mashine yenyewe utaona inawaka haraka.

Haya, tuje kwenye brauza, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoteza zaidi. Mimi naweka Firefox na ndani yake naweka uBlock Origin kabla sijafungua ukurasa wowote. uBlock Origin ni ya kuzuia matangazo, imetengenezwa na mtu anaitwa Raymond Hill tangu 2014, ni ya bure kabisa na yeye mwenyewe hata michango hapokei. Angalia jina vizuri liwe na hilo neno Origin, kuna nyingine zimebeba jina linalofanana na hazina uhusiano naye. Kwa nini Firefox? Kwa sababu Google walibadilisha sheria za programu za ziada ndani ya Chrome na kufika 2025 uBlock Origin kamili ikawa haikubaliki tena kule, imebaki ile ndogo inayoitwa Lite, inasaidia ila haina nguvu zote. Kwenye Firefox iko nzima, mpaka Firefox ya simu za Android unaiweka, na mtu anayesomea habari kwenye simu ndiye anayehitaji zaidi kuliko hata wa laptopu.

Sasa kuna kitufe ndani ya hiyo uBlock ambacho natamani kila mtu wa bando akijue. Bonyeza ile alama yake nyekundu ya ngao, bonyeza vigurudumu vya setingi, kwenye ukurasa wa kwanza utaona sentensi inayosema "Block media elements larger than" na kisanduku chenye 50 KB. Tia tiki. Kuanzia hapo picha na video zinazozidi kilobaiti 50 hazishuki mpaka wewe useme, ukurasa unafunguka maandishi yakiwa kamili na mahali pa picha unaona kiboksi kitupu, ukiitaka hiyo picha unakibonyeza inashuka hiyo moja tu. Gazeti ambalo lilikuwa linajivuta na kujivuta sasa linafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Kama kuna tovuti unataka picha zake zote, labda unatafuta nguo au kiwanja, bonyeza ngao tena utaona kialama cha filamu, kizime kwa tovuti hiyo peke yake. Ongeza na hii: kwenye setingi za Firefox, "Privacy & Security", tafuta "Autoplay" uweke izuie sauti na video zote, hutashtuliwa tena na video inayojianzisha yenyewe saa tano usiku watoto wamelala.

Alafu kuna ugonjwa mwingine ambao naukuta karibu kila mashine ya duka. Kuna Hajati mmoja hapa Busia ana duka la steshenari, anachapa barua, anafanya fotokopi, anasaidia watu kujaza fomu za TIN na za paspoti, laptopu yake ilikuwa inatoa vimeseji kwenye kona ya chini kulia kila dakika, vyekundu, ati kompyuta ina virusi vitano, ati bonyeza hapa haraka. Fundi mmoja alishamwambia ifomatiwe na akamtajia bei. Nikamwambia Hajati, subiri kwanza, usitoe hela. Nikafungua Chrome yake, Settings, "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", na hapo tukakuta orodha ya tovuti ambazo zimeruhusiwa kumtumia arifa, majina ya ajabu ajabu ambayo hata kusomeka hayasomeki. Tukaziondoa moja moja, tukaweka tovuti zisiombe tena ruhusa hiyo, na makelele yakakoma pale pale, virusi vyenyewe havikuwepo. Zile zilikuwa arifa za kawaida za brauza, kuna mteja alikuwa anatafuta wimbo wa kudaunlodi, ukurasa ukamwambia bonyeza "Allow" kuthibitisha wewe si roboti, akabonyeza. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu kufomati mashine yako, pitia hiyo orodha. Kwenye Firefox iko hapo hapo "Privacy & Security", sehemu ya "Notifications", na kuna kitiki cha kukataa maombi yote mapya, kitie.

Baada ya hapo ndio programu zenyewe. Usitafute kwenye google "download VLC" ukabonyeza cha kwanza, cha juu kabisa mara nyingi ni tangazo na hujui litakupeleka wapi. Kwa kompyuta ya nyumbani nenda ninite.com, unatia tiki kwenye unazotaka, mimi natia Firefox, VLC ya video na muziki, 7-Zip ya kufungua mafaili ya zip, LibreOffice ya kazi za ofisi na SumatraPDF ya kusomea PDF, inakupa kifaili kimoja kidogo, unakifungua, kinashusha zote toleo jipya na kuziinstoli bila kukuuliza maswali, na kinakataa zile takataka zinazopenda kujibandika pembeni. Ukihifadhi hicho kifaili, siku nyingine ukikifungua tena kinaziapdeti. Ya bure ni kwa matumizi ya nyumbani, wenye maduka na ofisi wana ya kulipia. Lakini ya duka nayo ina njia ya bure, Windows za sasa zina winget ndani yake, kifaa cha kuinstoli na kuapdeti programu, unafungua Terminal, lile dirisha la kuandika amri, unaandika winget upgrade --all, inapitia programu zilizomo na kuziapdeti zile inazozitambua.

Kama una mashine kadhaa za kupanga na bando ni moja, hapo Ninite itakumaliza kwa sababu inashusha upya kwenye kila mashine, afadhali uende kwenye tovuti za wenyewe, libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org, ushushe mara moja uweke kwenye flashi. LibreOffice ndiyo nzito, inazidi MB 300, 7-Zip haifiki hata 2. Firefox nayo ukiishusha kawaida unapewa kifaili kidogo ambacho kinashusha kilichobaki kikishafunguliwa, kwa hiyo tafuta ile installa kamili.

Kuhusu ofisi, LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, kwa barua, CV, bajeti ya kikundi inatosha kabisa, ukimtumia mtu hifadhi kama docx au mpe PDF. Mpangilio wa kurasa zenye majedwali mengi unaweza kuruka kidogo, kagua kabla ya kuprinti. Naisema kwa nguvu kwa sababu njia nyingine ambayo watu wanauziwa mjini ni Microsoft Office ya kuvunjwa isiyolipiwa, na hizo kreki karibu zote zinaanza kwa kukwambia zima Defender, yaani kinga ya virusi, kwanza. Programu inayotaka mlinzi atolewe getini kabla haijaingia, jiulize imebeba nini. Defender iliyomo ndani ya Windows ni ya bure na kwa mtu wa kawaida inatosha, iache ikiwaka.

Paswadi, kwa ufupi. Bitwarden ni ya bure na inakaa kwenye simu na laptopu pamoja, unakumbuka paswadi moja ndefu yeye anakumbuka zingine. Ukiwa hutaki paswadi zako zikae kwenye intaneti kabisa kuna KeePassXC, faili linabaki kwenye mashine yako, ila lazima uwe na kopi yake kwenye flashi, ukilipoteza limepotea. Na kwenye kompyuta ya kafe fungua dirisha la siri, usikubali brauza ikuhifadhie chochote.

VPN pia nitaje, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine kwanza, manake tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi watu walizoea kuchukua VPN yoyote ya bure wanayoiona. VPN inaona tovuti zote unazoingia, na kuiendesha kuna gharama, kwa hiyo ya bure isiyojulikana inatafuta hela yake kwako kwa njia nyingine. Kama unahitaji, Proton VPN ina ya bure isiyo na matangazo wala kikomo cha data, inalipiwa na wale wanaonunua ile kubwa.

Kwa walimu na wazazi nina moja naipenda sana, Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti. Unashusha Wikipedia nzima kama faili moja mahali penye wifi, kuna ya Kiswahili pia na faili lake ni dogo kwa mbali kuliko la Kiingereza, unaiweka kwenye flashi na watoto wanasoma bila intaneti hata kidogo. Shule ambayo ina kompyuta na haina bando ianzie hapo.

Mwisho, hizi laptopu zilizotumika ambazo tunanunua Kampala. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kuna marekebisho ya usalama ya ziada kwa anayejiandikisha mpaka Oktoba 2026, na Windows 11 haiikubali kila mashine. Kabla hujalipa muuzaji, mwambie akuonyeshe jina la prosesa. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, ile 6 baada ya mstari ndiyo kizazi, cha sita, na Windows 11 kwa Intel inataka kuanzia cha nane. Mashine kama hiyo si ya kutupa, bado ni nzima, ila mimi nisingeilipia bei ya ile inayokubali 11, na ningeiwekea Linux Mint toleo jepesi la Xfce, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, inaendeshwa vizuri na RAM ya GB 4, Firefox na LibreOffice ziko ndani tayari. Faili lake linakaribia GB 3 kwa hiyo lishushe kwenye wifi, tumia programu ndogo ya bure inayoitwa Rufus kuliandika kwenye flashi ya GB 4 au zaidi, na flashi iwe tupu manake kila kilichomo kitafutwa, alafu washa laptopu kutoka kwenye hiyo flashi. Itafunguka yote bila kugusa diski yako. Hapo ndio ujaribu kila kitu, unga wifi, cheza sauti, chomeka printa utoe ukurasa mmoja. Vyote vikikubali, kopi mafaili yako pembeni ndipo ubonyeze ile ikoni ya kuinstoli iliyo kwenye skrini, na kama printa imegoma, zima, toa flashi, washa tena, Windows yako utaikuta pale pale ulipoiacha.