Valasaiklovia: ya mume si ya mama mkwe

SWALI: Mume wangu ana malengelenge ya sehemu za siri, humrudia kama mara nne kwa mwaka. Mimi nimepima, sina. Amenunua valasaiklovia za miligramu 500, akisema Marekani zimeidhinishwa ili asiniambukize. Azimeze vipi? Na mama mkwe ametokwa na mkanda wa jeshi, tumgawie? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, dawa hiyo hupunguza uambukizaji, haiukomeshi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha mwaka 1995 kutibu mkanda wa jeshi na baadaye malengelenge ya sehemu za siri. Kazi ya kumkinga mwenza ikaongezwa 2003. Utafiti ulifuatilia jozi 1,484 za wenza kwa miezi 8, wote wasio na VVU: upande wa valasaiklovia wenza 14 waliambukizwa malengelenge, upande wa kidonge bandia kisicho na dawa 27.

Kwa kazi hiyo anameza miligramu 500 mara moja kila siku, hata akiwa hana kidonda, kwa sababu virusi hutoka hata kwenye ngozi inayoonekana safi. Wengi hukosea hapo, wanasubiri vidonda. Kutibu vidonda vilivyorudi ni dozi nyingine: kidonge asubuhi na jioni kwa siku 3, aanze mara tu anapohisi muwasho au mchonyoto. Saa 24 zikipita, usitarajie makubwa. Kondomu ziendelee, na kidonda kikiwepo msikutane kabisa.

Wapo wanaodhani dawa za malengelenge huzuia pia VVU visimfikie mwenza. Hapana. Asaiklovia, ndugu yake valasaiklovia, ilijaribiwa kwa hilo Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko Afrika. Matokeo ya 2010 yalionyesha haikusaidia.

Mama mkwe msimgawie. Mkanda wa jeshi unataka gramu 1, yaani vidonge viwili vya mumeo, mara 3 kwa siku, siku 7: jumla vidonge 42. Aanze ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Kabla ya hapo apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, maana dawa hutolewa na figo. Figo zikiwa dhaifu, dawa hujazana mwilini, na mzee huanza kuweweseka au kuona vitu visivyokuwepo. Daktari atapunguza dozi. Anywe maji ya kutosha. Vipele vikiwa karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, mpelekeni hospitali leo hii, jicho linaweza kupofuka.