Jibu: Kwa nini mahojiano yale yalitugusa

Mkuu, umeuliza kwa nini wengi wetu tuliguswa vile na mahojiano ya Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa letu la mtandaoni JamiiForums, kwenye runinga, wakati hata hatujawahi kuonana naye. Nikujibu kutoka huku Mwanjelwa, Mbeya. Niliyaona kwenye kibanda cha chipsi, mvua inapiga bati mpaka muuzaji akaacha karai lake akaja kuongeza sauti.

Sisi tunaandika humo jukwaani kwa majina ya bandia, na kiini chake ni hapo. Desemba 2016 Melo alikamatwa. Polisi walitaka taarifa za wachangiaji, yeye akagoma kuzitoa. Angezitoa, pengine asingelala rumande. Mwaka ule nilikuwa nimeandika habari za mbolea ya ruzuku iliyochakachuliwa kijijini kwetu. Usingizi niliupata kwa sababu yake, nasema kweli.

Halafu Juni 2018 JamiiForums ikafungwa kwa muda baada ya zile kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni. Tulibaki kama yatima. Kwa hiyo kumwona amekaa kitini, anaongea taratibu, kwangu si jambo dogo.

Ila mtangazaji alimkatiza mno. Hapo naungana na wewe.