Uzi wa kusuka unazunguka juu ya spuli

Ndugu yangu wa Kibirizi, rili yako ya kuvulia samaki ni nzima. Unasema ukikaza breki, uzi wote bado unazunguka juu ya spuli, yaani kibiringo cha rili kinachobeba uzi: uzi wa kusuka ni laini na haunyumbuki, hivyo haung'ang'anii chuma kitupu. Utoe wote. Funga kwanza uzi wa nailoni kwenye spuli, uzungushe mita 5 hadi 10, kisha uunge na uzi wa kusuka kwa fundo lenye mizunguko 5 upande wa nailoni, 8 upande wa uzi wa kusuka. Lowesha fundo kabla ya kukaza.

Sasa zungusha uzi wa kusuka huku umeubana kwa kitambaa kibichi, kwa nguvu kweli. Vidole vitupu vitakatika. Ukilegea, sangala akivuta, uzi wa juu unazama katikati ya wa chini, na ukirusha tena unakwama au kukatika. Usijaze hadi juu: acha milimita 2 kufikia ukingo wa spuli.