Marimba ya mkono kwa vyuma chakavu: anza na ndimi, sanduku litafuata

Wengi wanaokuja kujifunza kutengeneza marimba ya mkono, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, huanza na sanduku. Wanatafuta kipande kizuri cha mninga, wanakipiga msasa mpaka king'ae, wanachonga nakshi, halafu mwisho kabisa ndipo wanakumbuka vyuma. Nakuomba ugeuze utaratibu huo. Sauti huzaliwa kwenye ulimi wa chuma na pale unapobanwa. Kazi ya sanduku ni kuikuza tu. Ulimi uliobanwa vizuri utaimba hata juu ya kopo la mafuta ya kula.

Nenda kwa fundi baiskeli umwombe spoku zilizokatika. Chukua pia mbavu za miavuli mibovu na misumari mirefu. Jaribu kila kimoja kwa mkono: kikunje kidogo, kisha kiachie. Kikirudi kilivyokuwa, kinafaa. Kikibaki kimepinda, chuma hicho ni laini na sauti yake itakufa upesi. Bapa la msumeno wa chuma lililokatika nalo lina mkazo mzuri sana, ila kulikata ni kazi ngumu na vipande vyake huruka. Vaa miwani ya kukinga macho, hata kama mafundi wenzako hawavai.

Spoku huwa na unene wa karibu milimita 2. Igonge ikiwa baridi, juu ya chuma kizito, kwa nyundo nyepesi na mapigo mengi, mpaka iwe bapa. Kuigonga ikiwa baridi kunaikaza zaidi. Ukiichoma mpaka iwe nyekundu na kuiacha ipoe polepole, unaiondolea mkazo wote uliokuwa unautaka. Tena spoku nyingi zimepakwa zinki, na moshi wa zinki ni sumu kwa mapafu. Upande wa kidole uupanue, uupinde juu kidogo, kisha uupige tupa na msasa mpaka usikwaruze. Kidole gumba kitapita hapo mara maelfu.

Sasa sehemu ambayo mimi huisimamia kwa ukali: kubana. Ndimi hufungwa kwenye ubao: hupita juu ya daraja la mbele, chini ya chuma cha kukandamiza, kisha juu ya egemeo la nyuma. Daraja liwe gumu. Kipande cha nondo ya milimita 6 kinatosha. Daraja la mbao laini hunyonya sauti. Chuma cha kukandamiza kifungwe kwa bolti na nati, au kwa waya wa kufungia nondo uliopitishwa kwenye matundu ya ubao na kukazwa kwa koleo. Kaza kidogo kidogo, pande zote kwa zamu. Usipokaza vya kutosha, ndimi zitahama kila ukipiga, na utadhani masikio yako ndiyo yana tatizo.

Kwa kuanzia weka ndimi 7 au 8, sio zaidi. Ndefu kabisa ikae katikati, zinazofuata zipande kwa zamu kushoto na kulia. Ukiusukuma ulimi ndani, sauti inapanda. Ukiuvuta nje, inashuka. Jua pia kwamba urefu una nguvu kuliko unavyodhani: ulimi wenye sentimita 6 kutoka kwenye daraja, ukiufupisha kufikia karibu sentimita 4.2, unapanda oktavu nzima, yaani noti ile ile ngazi moja ya juu zaidi. Kwa hiyo usiuvute kwa nguvu. Uguse kwa nyundo ndogo, usikilize, uguse tena. Ikibaki tofauti ndogo, piga tupa kwenye ncha ili kupandisha, au karibu na daraja ili kushusha. Tone la nta ya nyuki chini ya ncha nalo hushusha.

Programu za simu za kupima noti zinasaidia, ila zimetengenezwa kwa ngazi ya piano, yaani mpangilio wake wa noti. Wagogo wa Dodoma hupanga marimba yao, ilimba, kwa ngazi yao wenyewe, na ukiipima kwa simu itakuambia imekosewa wakati haijakosewa hata kidogo. Sikiliza rekodi za mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose (1938–2003), kabla ya kuamua masikio yako yafuate nini. Mimi namsikiliza mpaka leo.

Kabla ya kujenga sanduku, kandamiza ubao wako wenye ndimi juu ya meza au mlango wa mbao, kisha upige. Meza ikiimba vizuri, ndimi ziko sawa, na kasoro yoyote itakayokuja baadaye itatoka kwenye sanduku. Hapo ndipo utafute mbao za paleti, kibuyu, kopo au chochote chenye uwazi. Mbao ya juu ya sanduku ikiwa nyepesi, yenye milimita 4 au 5, inatosha. Wanamuziki wa kundi la Konono No. 1 wa Kinshasa walikwenda mbali zaidi: waliunda maikrofoni za likembe zao (marimba ya mkono ya Kongo) kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari chakavu, na sauti yao ikavuka mabara.

Mrindimo wa mikwaruzo, ule mvumo unaoambatana na noti, uuache mwisho. Kwanza ondoa milio yote usiyoitaka: nati iliyolegea, ulimi unaogusa jirani yake. Baada ya hapo ongeza ule unaoutaka, kwa vipete vya waya au bati vinavyocheza shingoni mwa ndimi. Wagogo hutoboa tundu kwenye sanduku na kulifunika kwa utando wa buibui, ule mweupe unaofunika mayai na kushikamana na kuta. Ukiukosa, jaribu karatasi ya sigara. Ibandike pembeni tu, isikazwe sana wala isilegee, na uibadilishe ikichanika.