Je, ramani tunazochora kwa kujitolea zinawafikia waokoaji?

Ndugu uliyeuliza kama kijana aliyeketi na kompyuta Dar es Salaam, akichora nyumba za nchi asiyowahi kufika, anamsaidia kweli mtu aliyekumbwa na maafa, nimeshiriki kazi hii kwa miaka kadhaa na jibu langu ni ndiyo, ila manufaa yake hutegemea imefanyika lini na nani ameikamilisha.

Tetemeko la Haiti la Januari 2010 liliwafumbua wengi macho. Mji mkuu, Port-au-Prince, ulikuwa karibu mtupu katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri mtandaoni, lakini wachoraji wa nchi mbalimbali wakitumia picha za setilaiti waliujaza barabara na kambi za waathirika, na ndani ya wiki chache waokoaji walikuwa wakiitumia ramani hiyo katika vifaa vyao vya GPS. Mwaka huohuo likaundwa shirika la HOT (Humanitarian OpenStreetMap Team), ambalo huratibu kazi nyingi za aina hii hadi leo.

Eneo linalochorwa hugawanywa katika miraba. Unachukua mmoja, unauchora, kisha mzoefu anauhakiki. Kazi inaonekana nyepesi, lakini inataka utulivu. Picha ikiwa imepigwa kwa mshazari, paa huonekana limesogea kando ya msingi, nawe unapaswa kufuata msingi, kwa kuwa ndipo nyumba ilipo. Picha za miaka tofauti nazo hupishana kwa mita kadhaa, na usipozioanisha kwanza, barabara itapita katikati ya vyumba vya watu. Ndiyo maana huwashauri wageni wamalize mraba mmoja kwa uangalifu kuliko kukimbilia mitano.

Kuhusu wakati, kimbunga Idai kilipoipiga Beira, nchini Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kuchora kuliendelea huku watu wakiwa bado juu ya mapaa na miti. Kazi hiyo ilihitajika, lakini kimbunga huja na mawingu yanayoziba picha, na anayesubiri ramani hana muda wa kusubiri. Kwa sababu hiyo nauthamini zaidi mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014 na HOT, Madaktari Wasio na Mipaka na vyama vya Msalaba Mwekundu vya Marekani na Uingereza, ambao huchora maeneo yaliyo hatarini kabla maafa hayajatokea.

Hata hivyo, setilaiti haijui jina la mtaa, wala haioni mtaro uliofunikwa kwa zege. Hapa ndipo mradi wa ramani wa Dar es Salaam uitwao Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulipotufundisha mengi, kwa kuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam walipita mitaani pamoja na wakazi. Nikiwa uswahilini na simu mkononi, nimeona jinsi mjumbe wa shina anavyoonesha mpaka wa eneo lake bila kusita, na jinsi mama mwenye nyumba anavyokuonesha ukutani alama ya tope, akisema mwaka ule maji yalimfika kiunoni na mwaka uliofuata magotini. Taarifa kama hiyo haipatikani katika picha yoyote, nayo ndiyo inayomwambia mwokoaji aanzie nyumba ipi.

Kwa hiyo jiunge, uchore Msumbiji ukipenda. Lakini kama unaishi bondeni, tafadhali anza na mitaro ya mtaa wako, tena kabla ya masika, na umshirikishe mjumbe wako tangu siku ya kwanza.