Nguzo iliyovunjika kwenye modeli ya Datsun 240Z: usiitupe

Mkuu, umeuliza kama modeli yako ya plastiki ya kuunga kutoka kampuni ya Hasegawa, ya kipimo cha 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi), ile Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1971, bado inafaa: nguzo ya kioo cha mbele imekatika na kioo chenyewe kina mikwaruzo na ukungu mweupe. Inafaa kabisa. Tena hilo ndilo gari ambalo Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishindia mbio hizo kwenye njia zetu hizi, halistahili kwenda jalalani.

Kwanza weka supagluu pembeni. Bodi ni ya plastiki ya polistaireni, na gundi maalumu ya modeli, ile nyepesi yenye dawa ya kuyeyusha plastiki, huiyeyusha pande zote mbili za ufa. Dawa ikisharuka hewani, kinachobaki ni plastiki moja. Supagluu inashika juu juu tu, na ikikauka haikubali kupindwa. Nguzo hiyo ni nyembamba, na itapindwa kila utakapojaribu kuingiza kioo, kwa hiyo itaachia tena palepale.

Usipige msasa sehemu zilizovunjika kabla ya kuunga. Ile mikwaruzo ya mvunjiko ndiyo inayojua mahali pake. Kutanisha pande mbili zikiwa kavu, funga paa kwa tepu ya mafundi rangi lisicheze, kisha gusa ufa kwa ncha ya brashi yenye gundi, kutokea upande wa ndani. Gundi itajivuta yenyewe. Bana kidogo mpaka utepe mwembamba wa plastiki laini utokeze nje, halafu usiufute, maana huo ndio unaoziba ufa. Acha hadi kesho yake. Ndipo ukwangue kwa wembe na umalizie na msasa wa maji, namba 600 kisha 1000.

Kama kuna kipande kilichopotea, toboa kila upande kwa keekee ndogo ya mkono ya milimita 0.5, pitisha waya wa shaba, halafu jenga juu yake. Cha kujengea unacho tayari: katakata fremu iliyoshikilia vipande vya seti hiyohiyo, vitie kwenye kichupa chenye gundi kidogo, viache usiku kucha viwe kama uji mzito. Mimi nauamini kuliko puti ya gereji, kwa sababu ni plastiki ileile na msasa unaikata sawasawa na bodi. Ila paka kidogo kidogo, ukirundika mwingi unasinyaa na kuacha bonde.

Na tafadhali, thina ya gereji na petroli visiguse bodi hiyo hata kwa kufuta vumbi. Vinakula polistaireni.

Kioo sasa. Ukungu mweupe kwa kawaida ni mvuke wa supagluu uliotua juu, na unatoka: msasa wa maji 1000, 2000, 3000, kisha polishi ya rangi ya gari kwa kitambaa laini. Doa la gundi ya modeli ni jambo jingine, maana limeyeyusha plastiki yenyewe. Likiwa limezama, kata kioo kipya kwenye plastiki ngavu ya pakiti za vifaa vya dukani, cha zamani kikiwa kielelezo. Kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Inakauka ikiwa ngavu na haitoi mvuke.

Matairi yahifadhi kwenye mfuko wake. Mafuta yaliyomo kwenye plastiki yake laini hupenya taratibu na kuyeyusha kipande chochote yanachokaa nacho.

Mwisho puliza praima nyembamba ya kijivu kuukagua ufa. Ukiuona bado, rudia uji. Ukiridhika, funika bodi nzima kwa praima nyeupe kabla ya rangi, kwa sababu gari hili ni jekundu lenye boneti nyeusi, na nyekundu huonyesha kilicho chini yake. Ukiacha kiraka cha kijivu kwenye nguzo pekee, patakuwa peusi kuliko paa.