Usiseme "ni uzee tu" kabla hujautazama mkojo wake

Juzi dada mmoja wa Mbeya aliniandikia saa tano usiku. "Dada nesi, baba ana siku tatu anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Kaka zangu wanasema ni uzee, shangazi anataka apelekwe kwa mganga. Wewe unasemaje?"

Nilikaa kitandani na simu mkononi kwa muda mrefu. Maneno hayo, "ni uzee", niliwahi kuyasema mimi, tena kuhusu mama yangu mzazi.

Mnaonisoma mnajua mimi ni muuguzi, mwaka huu natimiza miaka 17 kazini. Siku ile nilikuwa Dar es Salaam, natoka zamu ya usiku. Mdogo wangu akapiga kutoka Muheza: mama halali, usiku kucha anakunja kanga zake na kuzikunjua, anauliza kama ng'ombe wamerudi, na kwetu hatujawahi kufuga ng'ombe. Nilimjibu nikiwa nagombania daladala. "Mama ana miaka 78, ni uzee tu. Hakikisha analala."

Hilo la "hakikisha analala" ndilo lililotuponza. Mdogo wangu alikwenda duka la dawa, akapewa vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Kwa kijana ni usingizi wa usiku mmoja. Kwa mzee dawa hizo huvuruga akili zaidi, tena huzuia mkojo kutoka. Mama akazidi kuweweseka.

Siku ya nne nilipanda basi la alfajiri. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo mama." Alinitazama kitambo, kisha akaniitikia kwa adabu ya binti mdogo, "Shikamoo dada."

Mama yangu aliniamkia mimi! Alinidhani ni dada yake mkubwa, aliyefariki zamani. Nilitoka uani nikalia, nikarudi na kufanya kazi niliyosomea. Ulimi wake ulikuwa mkavu, umepasuka katikati kama tope la bwawa lililokauka. Niliomba kopo lake la usiku: mkojo kidogo mno, rangi ya chai ya rangi, harufu kali. Kipimajoto kikasoma 36.4. Kumbe hapo ndipo watu wa nyumbani walipojidanganya. Walimshika paji la uso wakaona hana homa, basi haumwi.

Hospitali walikuta maambukizi ya njia ya mkojo na upungufu mkubwa wa maji. Akawekewa dripu, akaanzishiwa dawa za sindano, vile vidonge vikasimamishwa. Siku ya tatu asubuhi nilimwamkia bila matumaini makubwa. "Marahaba," akasema. "Mbona umekonda hivyo?"

Alipopata nguvu nilimuuliza kwa nini alikuwa hanywi maji. Choo chetu kiko nje, na aliwahi kuteleza huko usiku. Tangu hapo, ikifika alasiri hagusi kikombe. "Nikinywa, mwanangu, usiku nitamwamsha nani?" Alijinyima maji ili asiwe mzigo, na sote tulikuwa tunaona anakunywa kidogo, hakuna aliyeuliza.

Kaka yetu mkubwa alisema mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali, "Unauguza mama za watu, wako unasema ni uzee." Sikumjibu. Bado yananichoma maneno yale, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mama.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu. Mwili wa kijana ni maji kwa kiasi cha asilimia 60. Wa mzee hushuka hadi kukaribia 50, huku kiu nayo ikipungua, na figo haziwezi tena kubana maji kama zamani. Ndiyo maana anakauka haraka bila kusema ana kiu. Mpe maji. Usimuulize kama anataka, mpe. Kikombe kidogo kila mnapoamka, mnapokula, anapomeza dawa, mpaka ifike kama lita moja na nusu kwa siku, isipokuwa daktari amempimia kiasi kwa sababu ya moyo au figo. Uji ni maji, chungwa ni maji. Akiwa amesinzia sana usimmiminie mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Huyo ni wa hospitali.

Joto nalo lisiwadanganye. Kati ya wazee wenye maambukizi makali, asilimia 20 hadi 30 joto lao halipandi au hupanda kidogo tu. Dalili inaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo ya kuchanganyikiwa. Dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mzee aliyehesabu chenji yake sawasawa Ijumaa, Jumatatu hajui yuko wapi, huyo anaumwa: yaweza kuwa mkojo, nimonia, sukari kushuka, kiharusi. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mbebe dawa zake zote kwenye mfuko daktari azione. Na msimlaze kwa vidonge vya dukani, nawasihi.

Tumemwekea mama ndoo yenye kifuniko chumbani na taa inayowaka usiku kucha. Ana miaka 81. Jana kanipigia kunisomea majina ya wajukuu wote kumi na mmoja.

Yule dada wa Mbeya nilimuuliza swali moja tu: mkojo wa baba una rangi gani? Akajibu, "Hajakojoa tangu jana asubuhi." Nikamwambia watafute gari usiku ule ule. Leo wako wodini, wamemwekea mpira wa mkojo, wanasubiri majibu ya damu.